Khabari na Mpokezi Wake: Somo la Kutaja Marejeo



Kila mwaka vijana wetu wa pwani hupanda kwenda bara kutafuta elimu, na baadhi yao hufika kando ya Ziwa: Kisumu, Maseno, na Bondo kwenye chuo kikuu chenye jina la Jaramogi Oginga Odinga. Huko hutakiwa kuandika karatasi za utafiti. Wako wanaoandika kwa bidii kubwa, kisha kazi zao hurudishwa kwa sababu moja: wamesema mengi, na hawakusema wameyatoa wapi. Kwa hiyo tumeona yafaa somo letu liwe juu ya kutaja marejeo na kuyatunza.

Huenda mtu akadhani kwamba hii ni desturi ya Wazungu. La. Watu wasiopasa kabisa kuiona ngeni ni sisi Waislamu. Wanazuoni wa Hadithi hawakuikubali khabari mpaka wajue ni nani aliyeisema, naye kaisikia kwa nani, hata mwisho wa mnyororo. Abdallah bin al-Mubarak, aliyefariki mwaka 181 wa Hijra, sawa na mwaka 797, aliihesabu isnadi kuwa ni katika dini, kwa kuwa pasipo isnadi kila mtu angejisemea atakalo. Wakamchungua kila mpokezi: je, ni mkweli? Ana hifadhi? Alikutana kweli na huyo anayesema kamsikia? Mtu aliyekuwa mwema lakini msahaulifu, wema wake ulikiriwa na riwaya yake ikatiwa shaka. Basi anayeandika rejea leo anafanya kazi ya namna hiyo katika uwanja mwingine.

Na tuchukue mfano kutoka Kisumu yenyewe. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwani mwezi wa Desemba 1901. Kituo hicho cha mwisho kikaitwa Port Florence, kabla jina la Kisumu halijashika. Huyo Florence ni nani? Hapo waandishi wamegawanyika. Wako wasemao kwamba ni mke wa Ronald Preston, aliyesimamia utandikaji wa reli, na kwamba bibi huyo ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho. Na wako wasemao kwamba ni mke wa George Whitehouse, mhandisi mkuu wa kazi yote. Mabibi wawili, jina moja.

Sasa mwanafunzi afanyeje? Akiandika kwamba bandari iliitwa kwa jina la mke wa mhandisi, kisha akanyamaza, amemfungia msomaji mlango. Msomaji hajui ni mhandisi yupi, wala hawezi kurudi nyuma akahakikisha. Akichagua kisa kitamu zaidi na kukiacha kingine, amehukumu bila ya kusikiliza mashahidi. Na akihesabu makala kumi zinazosema jambo moja, akadhani kumi ni nyingi, basi na azitazame vizuri. Ikiwa zote zimenakili kitabu kimoja, hao ni watu kumi walioteka maji katika kisima kimoja. Kisima kikiwa na kasoro, ndoo zote zina kasoro. Njia iliyo sawa ni kuzitaja kauli zote mbili, kila moja na msemaji wake, kisha kutafuta maandishi yaliyo karibu zaidi na mwaka 1901.

Tena wako wanaosema kwamba khabari za wazee haziwezi kuwa rejea, kwa kuwa hazikuandikwa. Jawabu lake limetoka huko huko kando ya Ziwa. Profesa Bethwell Allan Ogot, mzaliwa wa Gem, alichapisha mwaka 1967 kitabu chake cha historia ya Wajaluo, juu ya kuhama na kukaa kwao tangu mwaka 1500 hadi 1900. Sehemu kubwa ya muda huo haina karatasi. Ogot alikwenda kwa wazee, akakusanya masimulizi ya koo mbalimbali, akayalinganisha, na akahesabu vizazi ili apate kukadiria nyakati. Kabla yake Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti Kongo na Rwanda, alikuwa ametoa kitabu mwaka 1961 kueleza namna masimulizi ya mdomo yanavyopimwa. Kwa kazi hizo ilithibiti kwamba neno la mzee ni ushahidi, maadamu mzee huyo anajulikana na neno lake limepimwa kwa maneno ya wengine.

Jambo hili latuhusu sana. Misafara ya Waswahili ilifika Mumias kabla ya reli, na watu wa pwani walikaa huko na katika miji ya Ziwa, wakafanya biashara, wakasomesha na wakaoa. Khabari zao nyingi zimo vifuani mwa wazee. Kijana akimsikiliza babu yake kisha akaandika “inasemekana,” amemzika babu huyo mara mbili. Mtafiti atakayekuja baadaye hataweza kulitegemea neno lisilo na mwenyewe.

Basi, ewe mwanafunzi, shika mambo haya.

Kwanza, andika rejea siku ile ile unapoisoma. Usiiweke mpaka mwisho wa kazi. Katika daftari au kadi andika jina la mtungaji, jina la kitabu, mji, mchapishaji, mwaka na ukurasa. Kwa mfano: Ogot, Bethwell A., History of the Southern Luo, Nairobi, East African Publishing House, 1967. Kisha nambari ya ukurasa uliousoma.

Pili, maneno ya mtu yakiwa ni yake hasa, yatie katika alama za kunukuu. Ukiyaeleza kwa maneno yako, bado mtaje. Fikra ya mtu ni mali yake, na kuichukua kimya kimya ni wizi, hata ukibadilisha kila neno.

Tatu, ukiwa hukukiona kitabu ila umekisoma ndani ya kitabu cha mwingine, sema hivyo waziwazi. Usijifanye umekutana na mtu usiyekutana naye.

Nne, ukimhoji mzee, muombe ruhusa ya kumtaja, kisha andika jina lake, mahali, tarehe, na yeye kaisikia khabari kwa nani. Akikataa kutajwa, heshimu neno lake, na umweleze msomaji kwamba jina limefichwa kwa ombi la mwenyewe.

Tano, vyuo vina mitindo mbalimbali ya kupanga marejeo. Uliza chuo chako kinataka upi, ukaufuate tangu mwanzo hadi mwisho.

Siku hizi ziko programu za kompyuta za kutunza marejeo, kama vile Zotero, iliyotolewa mwaka 2006 na Chuo Kikuu cha George Mason huko Marekani. Nayo hupatikana bila ya malipo. Hupanga orodha kwa dakika moja. Lakini programu ni kabati tu. Ukiweka uwongo, itakutunzia uwongo wako kwa mpango mzuri. Hatari zaidi ni mashine za akili mnemba zinazojibu maswali. Mara nyingine hutaja kitabu kisichopata kuandikwa, zikampachika mtungaji wa kweli, na mwaka, na ukurasa. Huo ni mnyororo usio na watu. Kwa hiyo kanuni ni moja: usiandike rejea ambayo hukuifungua kwa mkono wako na kuisoma kwa macho yako.

Wala wingi wa marejeo si wingi wa elimu. Rejea tano zilizosomwa ni bora kuliko hamsini zilizonakiliwa ili kumtisha msomaji.

Kazi ya darasa kwa juma hili: kila mmoja achague khabari moja aliyoisikia nyumbani kwao juu ya Kisumu, reli au Ziwa. Amuulize aliyemwambia, kisha amuulize aliyemwambia huyo, mpaka mnyororo ukatike. Aandike majina yote, na mahali ulipokatika apaandike pia. Tutazisoma pamoja, inshallah.

Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli katika kauli na uaminifu katika kalamu. Amin.