Kukadiria Vipando vya Ukoka kwa Uwanja Mpya

Uwanja usio na nyasi, hasa wenye mteremko kama ilivyo katika maeneo mengi ya Mbulu na Hanang, hupoteza udongo wa juu kila mvua inaponyesha. Ukoka hauwezi kuzuia maporomoko ya tope kama yale ya Mlima Hanang ya Desemba 3, 2023. Hata hivyo, mizizi yake hushika udongo wa uwanja ili vijifereji visigeuke makorongo. Anayenunua vipando vichache huacha mapengo, na maji huanzia hapo; anayezidisha hupoteza fedha kwa vipando vinavyonyauka.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwanza, gawa uwanja katika mistatili na pembetatu. Kwa mfano, mstatili wa mita 20 kwa 12 una mita za mraba 240. Pembetatu yenye kitako cha mita 10 na kimo cha mita 6 ina nusu ya 60, yaani 30. Jumla ni 270.

Pili, toa njia ya mita 20 kwa 1.5, yaani 30, zinabaki 240.

Tatu, vipando vikiachana sentimita 25 kila upande, mita moja ya mraba huhitaji 16. Hivyo, 240 × 16 = 3,840.

Nne, ongeza sehemu moja ya kumi kufidia vitakavyokufa, yaani 384. Vinavyohitajika ni vipando 4,224.

Wananchi wanashauriwa kupima kabla ya kununua, kupanda mvua zikishakolea, na kupanga mistari ikingame dhidi ya mteremko.