Silabasi Iliyosema "Picha"

Kijana alikuwa ameketi chini ya mwembe huko Nyangwe, mkoani Maniema, simu sikioni, mgongo kaupa mto Lualaba. Asubuhi alinunua mega zake za intaneti, akangoja karibu nusu saa kozi ishuke, kisha akaigusa. Simu ikatamka: "Picha." Akatelezesha kidole. "Picha." Ukurasa wa tatu, vilevile.

"Mwalimu," akaniambia, "hii kozi haisemi kitu."

Kijana yule haoni. Husoma kwa kusikiliza programu inayotamka yaliyo kwenye skrini. Chuo kilichomtumia kozi hakina haja ya kutajwa, maana nusu ya lawama ni yangu. Mimi ndiye niliyezipiga picha kurasa za silabasi, yale makaratasi ya kozi ambayo mwanafunzi wa Kongo huyanunua fotokopi, nikaziunganisha kuwa faili moja la PDF. Mwenye macho anaona kozi nzima hapo. Programu ya kusoma skrini inaona picha sitini.

Dawa ilikuwa kuchapa upya, jambo la kuchosha lisilo na ujanja wowote. Ila hesabu yake inafurahisha: ukurasa uliopigwa picha kwa simu hula megabaiti mbili au tatu, na uleule ukichapwa, herufi zake 2,000 hazizidi sana kilobaiti mbili. Wa kwanza kushukuru walikuwa wanafunzi wa Kasongo na Kabambare wanaoona vizuri kabisa, lakini mtandao wao unashika na kuachia.

Kuchapa peke yake hakukutosha. Vichwa vya sura nilivikuza na kuvikoleza wino, nikajiona nimemaliza kazi. Mashine haijali wino. Inataka kichwa kiwekwe kwa mtindo wake maalumu, ule unaoandikwa "Titre 1" kwenye kompyuta zetu za Kifaransa. Hapo anayetumia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini ya kompyuta iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kisha akajiunga naye James Teh, wote wawili Waaustralia wasioona, hubonyeza herufi H na kuruka kutoka sura hadi sura. Bila hivyo, anayetafuta sura ya tisa huanza tena kwenye jalada.

Halafu lugha. Faili letu lilikuwa limetambulishwa kama la Kifaransa, basi "kujua" ikatoka kitu kama "kizhia", na kijana akacheka hadi simu ikamponyoka. Sehemu ya Kiswahili ikiwekewa alama kuwa ni Kiswahili, NVDA huhamia sauti ya Kiswahili iliyomo ndani ya eSpeak NG. Si sauti tamu, ila inaeleweka.

Picha zinazobaki lazima zielezwe kwa maneno. Chini ya ramani ya somo la jiografia nilikuwa nimeandika "Ramani ya Maniema", kana kwamba nimesaidia. Nikaandika upya: "Lualaba unateremka kuelekea kaskazini. Nyangwe iko ukingo wa kulia. Kasongo iko kusini-mashariki ya Nyangwe, mbali na mto. Kindu iko kaskazini, ukingo wa kushoto." Mwalimu wa somo alipoyasoma maelezo hayo aligundua kwamba ramani yake mwenyewe ilikuwa imeiweka Kindu ng'ambo isiyo yake.

Kwa viziwi nilikosea kwa namna nyingine. Mwanafunzi mmoja wa Kasongo nilimtafutia video ya lugha ya alama kutoka Tanzania, nikidhani alama ni zilezile. Hakuambulia kitu. Alama za viziwi wengi wa Afrika inayotumia Kifaransa zina asili ya Marekani. Zililetwa na Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, aliyeanzia Ghana mwaka 1957 na kufungua shule nchi baada ya nchi hadi alipofariki katika ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Kilichomfaa mwanafunzi wetu ni maandishi ya mhadhara wote, sentensi fupifupi, yaliyotumwa siku mbili kabla ya video.

Kuongeza muda wa mtihani kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, inaruhusu kumwongezea dakika mwanafunzi mmoja bila kugusa za wenzake, na mwanafunzi anayechapa kwa mkono mmoja alipewa nusu saa zaidi. Mwalimu mmoja alipouliza kama huo si upendeleo, nilimtajia sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za wenye ulemavu nchini Kongo. Hakuuliza tena, ingawa nadhani hakuridhika.

Kilichotushinda kwa muda mrefu ni somo la takwimu. Mwalimu wake alirekodi sauti. Kwa kilobiti 16 kwa sekunde saa nzima ni megabaiti saba na kidogo, hilo zuri. Akasema: "Iksi jumlisha igreki, gawanya kwa mbili." Kijana wa Nyangwe akarudisha ujumbe wa sauti: "Mwalimu, unagawanya zote mbili, au igreki peke yake?" Darasa zima lilikuwa limeiona fomula ubaoni, na hakuna aliyewahi kulazimika kuuliza. Sasa mwalimu husema "fungua mabano", husita, halafu "funga mabano", na kila akisahau, ujumbe kutoka Nyangwe hufika kabla ya jioni.