Ushuru wa ng'ambo na polo la mbolea la Unguja: tujiandae vipi na masika?



Upepo wa kaskazi bado unavuma, lakini matrekta yameshaanza kuingia katika mabonde ya Cheju, Kibokwa na Mtwango, na wenye makonde ya Makunduchi na Muyuni wanasafisha mashimo yao ya tungule. Huu ndio wakati wa kununua mbolea. Kila mwaka wakulima huniuliza kwa nini bei ya polo hupanda na kushuka bila ya sababu inayoonekana hapa kwetu. Sababu moja ipo mbali sana na bandari yetu ya Malindi, na kwa kuwa inagusa mfuko wa kila mkulima wa kisiwa hiki, leo nitaieleza kabla ya kuingia shambani. Sababu hiyo ni ushuru ambao mataifa makubwa huiwekea mbolea ya nje iliyobebwa na ruzuku.

Kesi ya fosfeti

Mwezi wa Juni 2020 kampuni ya Mosaic, mtengenezaji mkubwa wa mbolea ya fosfeti nchini Marekani, ilipeleka malalamiko kwa serikali yake. Ilidai kwamba mbolea ya Morocco na Urusi inauzwa rahisi kwa sababu serikali za huko zinaibeba. Morocco, ilisema, inaipa kampuni ya umma ya OCP haki ya kuchimba fosfeti kwa malipo yaliyo chini ya thamani yake. Urusi inavipa viwanda gesi asilia kwa bei ya chini. Wizara ya Biashara ya Marekani ilikubali hoja hiyo, na mwezi wa Aprili 2021 ushuru wa kufidia ruzuku ukaanza rasmi: asilimia 19.97 kwa mbolea ya OCP, 9.19 kwa PhosAgro na 47.05 kwa EuroChem, zote mbili za Urusi. Viwango hivyo vimekuwa vikipitiwa upya tangu hapo.

Ushuru wa namna hii una masharti yake. Chini ya mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, nchi inayotaka kuutoza lazima ithibitishe mambo matatu: kwamba ruzuku ipo, kwamba viwanda vyake vimeumia, na kwamba ruzuku hiyo ndiyo iliyoviumiza. Hasara ya mkulima anayenunua mbolea haimo katika mambo hayo matatu. Ndiyo maana chama kikuu cha wakulima wa mahindi wa Marekani kiliupinga ushuru huo hadharani: kiwanda kililindwa, na aliyelipa gharama ya ulinzi huo akawa mwenye konde.

Sisi tunahusikaje? Morocco inamiliki karibu asilimia 70 ya akiba yote ya miamba ya fosfeti inayojulikana duniani. Polo la mbolea ya fosfeti ya DAP unaloliona dukani, hata likiwa limetoka nchi nyingine, bei yake inafuata soko ambalo Morocco ina sauti kubwa ndani yake. Shehena ikifungiwa bandari moja hutafuta bandari nyingine, na katika mwaka mtulivu hilo linaweza kumnufaisha mnunuzi wa Afrika. Lakini mwaka 2021 haukuwa mtulivu. Oktoba ya mwaka huo China ilibana usafirishaji wa mbolea yake nje, bei ya gesi Ulaya ikapaa, na Februari 2022 vita vya Urusi na Ukraine vikaanza. Kufikia Aprili 2022, tani moja ya DAP na tani moja ya urea, kila moja ilikuwa imevuka dola 900 katika soko la dunia.

Tanzania Bara ilijibu kwa ruzuku. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku, na polo la kilo 50 la DAP lililokuwa limefika karibu shilingi 130,000 likashushwa hadi 70,000. Kumbukeni hapa kwamba kilimo si jambo la Muungano. Ushuru wa forodha ni wa Muungano, na bandarini Malindi hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), lakini ruzuku ya Bara haivuki bahari kwa sheria. Serikali ya Mapinduzi hupanga ya kwake kwa mkulima wa Unguja na Pemba. Na mchezo wa ushuru haujakwisha: tangu tarehe 1 Julai 2025 Umoja wa Ulaya nao unatoza ushuru wa ziada kwa mbolea ya Urusi na Belarus, na umepanga kuupandisha mwaka hadi mwaka mpaka 2028.

Nionavyo, wazee wetu walishalimaliza jambo hili: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mbolea rahisi iliyotokana na uamuzi wa serikali nyingine ni neema ya kupita. Itumie ikiwapo, lakini usilijenge shamba lako juu yake.

Na sisi tuweke ushuru?

Wapo wanaouliza kwa nini nasi tusijilinde kwa ushuru kama wengine. Itifaki ya Umoja wa Forodha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Januari 2005, inaturuhusu kutoza ushuru wa kufidia ruzuku, na imeweka kamati ya kushughulikia kesi hizo. Hata hivyo, katika ushuru wa pamoja wa jumuiya yetu mbolea imewekewa asilimia sifuri. Nasema wazi: ibaki hapo. Tanzania haina kiwanda cha urea cha kulindwa. Tunacho kiwanda cha Minjingu kule Manyara kinachotumia fosfeti yetu wenyewe, na kiwanda cha Itracom kule Nala, Dodoma. Vinastahili kusaidiwa kwa umeme, barabara na mikopo nafuu, bila ya kumpandishia bei mwanamke wa Bumbwisudi anayenunua nusu polo kwa mkopo.

Ruzuku ya kigeni inayotuumiza zaidi huingia Unguja ikiwa ndani ya gunia la mchele. India humuuzia mkulima wake mfuko wa urea wa kilo 45 kwa rupia 242 kabla ya kodi, na serikali hulipa sehemu kubwa iliyobaki. Mchele wa mapembe, ule wa kutoka nje, unaojaa maduka ya Darajani umelimwa na watu waliobebwa namna hiyo au kwa namna inayofanana nayo, kisha unashindana sokoni na mpunga wetu wa Kibokwa uliopandwa kwa mbolea ya bei kamili. Ushuru wa pamoja wa jumuiya umeuwekea mchele wa nje asilimia 75, au dola 345 kwa tani, lakini mji unakula mapembe kila siku, na kuupandisha bei ghafla ni kuitia njaa nyumba ya maskini. Dawa ninayoiunga mkono ni kumpunguzia mkulima wetu gharama: mbolea nafuu inayofika kabla ya mvua, na maji ya kumwagilia yanayomruhusu kupanda mara mbili kwa mwaka. Bajeti inaposomwa katika Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, wakulima na vyama vyao wawe wameshapeleka hoja hizi kwa wawakilishi wao.

Hayo ni ya serikali. Yafuatayo yako mikononi mwetu.

Jua udongo wako kabla ya kununua

Unguja ina ardhi za aina mbili kubwa, na kosa linalogharimu zaidi ni kuzitia mbolea moja. Upande wa magharibi na kati, kwenye mikarafuu, minazi na mabonde ya mpunga, udongo ni wa kina na mara nyingi una uchachu. Upande wa mashariki na kusini ni maweni: udongo haba juu ya jiwe la matumbawe, wenye chokaa nyingi.

Kwenye maweni, chokaa huikamata fosfeti na kuifanya ngumu kwa mizizi kuifikia. Mbolea ya fosfeti ghafi iliyosagwa, hata ikiwa rahisi, huyeyuka katika udongo wenye uchachu tu. Ukiimwaga kwenye maweni ya Bwejuu umemwaga fedha. Huko tumia DAP kidogo kidogo karibu na mzizi, ndani ya shimo lililochanganywa na samadi iliyooza. Urea nayo, ikiachwa juu ya udongo wenye chokaa na jua, hugeuka hewa na kupotea. Ifukie kwa kina cha vidole vinne, kisha mwagilia. SA (salfeti ya amonia) inafaa zaidi maweni kwa sababu huongeza uchachu na ina salfa.

Usikisie. Chukua udongo sehemu kadhaa za konde lako, uchanganye, ukaushe kivulini, uupeleke kwenye taasisi ya utafiti wa kilimo Kizimbani, au umtafute bwana shamba au bibi shamba kupitia ofisi ya sheha wako.

Nunua kirutubisho, usinunue polo

Bei iliyoandikwa kwenye polo inadanganya. Kinacholisha mmea ni kirutubisho kilichomo. Polo la kilo 50 la urea lina kilo 23 za naitrojeni. Polo la SA la uzito huohuo lina kilo 10 na nusu tu. Tuseme urea ni shilingi 80,000 na SA ni 60,000. Gawanya: kilo moja ya naitrojeni katika urea ni karibu shilingi 3,500, na katika SA ni zaidi ya 5,700. Polo lililoonekana rahisi ndilo ghali, isipokuwa kama unaihitaji salfa yake au uchachu wake, kama kwenye maweni. Polo la DAP lina kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Linunue kwa ajili ya fosfeti, na wakati wake ni kupandia.

Fanya hesabu hiyo pia unapoonyeshwa zile chupa za busta za kupulizia majani. Soma kibandiko: kirutubisho kilichomo lita moja ni kidogo mno kuweza kuchukua nafasi ya mbolea ya ardhini.

Kagua mshono wa polo, maandishi ya viwango na uzito. Mbolea ya kupimwa kwa kilo kutoka polo lililo wazi hunyonya unyevu wa hewa ya bahari, huganda, na ni rahisi kuchanganywa na kitu kingine. Ukitaka kidogo, ungana na majirani mnunue polo zima lililofungwa. Vikundi vinavyonunua pamoja hugawana pia nauli ya kuvusha mzigo kutoka Dar es Salaam. Nyumbani, weka polo juu ya mbao, mbali na ukuta na mbali na chakula.

Wakati na kipimo

Kwa mpunga wa bondeni, kipimo cha kuanzia ni polo moja la DAP kwa eka wakati wa kupanda au kupandikiza, kisha polo moja la urea lililogawanywa mara mbili: nusu mpunga unapochipua machipukizi, nusu unapoanza kutunga mimba. Majibu ya udongo wako yakisema vingine, yafuate hayo. Palilia kwanza, kwani urea juu ya magugu hulisha magugu. Punguza maji bondeni kabla ya kutia, na usitie wingu la masika likiwa limeshakusanyika, maana mvua moja kubwa huisomba hadi mtoni.

Jenga akiba isiyotozwa ushuru

Samadi ya ng'ombe wa maziwa, mbolea ya kuku na majani ya gliricidia vipo katika shehia nyingi. Tani nne za samadi iliyooza kwa eka hazitoi naitrojeni kwa kasi ya urea, lakini huushikilia unyevu, huizuia mbolea ya dukani isipotee, na kwenye maweni huirahisishia mizizi kazi ya kuipata fosfeti. Anza kurundika sasa, funika kwa makuti, geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Mbolea ya kuku ioze kabisa kabla ya kutiwa, vinginevyo huunguza miche. Mwani unaotupwa ufukweni uachwe kwanza uoshwe na mvua, chumvi itoke. Na baada ya kuvuna mpunga, bonde likiwa bado na unyevu, panda choroko au kunde. Mizizi yake huingiza naitrojeni ardhini, na unapata mboga juu yake.

Kazi za kufanya kabla ya mvua

Wiki hii peleka udongo kupimwa na uorodheshe eneo lako kwa sheha, ili pembejeo za serikali zikifika jina lako liwemo. Wiki ijayo kaeni kikundi, mkubaliane aina na idadi ya mapolo, mkachukue bei katika maduka yasiyopungua matatu. Nunueni mbolea ya kupandia kabla ya mvua ya kwanza. Fedha ya urea iwekeni kando tangu sasa, maana anayeitafuta mpunga ukiwa umeshachipua hulazimika kulipa bei yoyote atakayotajiwa. Nani atamtoza nani ushuru mwakani hatuamui sisi. Mkulima mwenye udongo uliopimwa, samadi iliyooza na hesabu ya kirutubisho mkononi ataweza kupunguza polo moja bei ikipanda, na bado akavuna.