Adhabu ya Kaburi Aijuaye Maiti

Wahenga hawakukosea waliposema kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii nimeiandika katika insha nyingi bila kuifikiria. Leo nimeielewa.

Tulipokuwa kidato cha pili, mwenzetu mmoja alikuwa akikaa chini ya mti kila kipindi cha michezo. Akikimbia leo, kesho haamki. Tulimwita "Bwana Mvivu", na aliyelitunga jina hilo ni mimi. Sisemi alikuwa na maradhi gani, kwani mimi si daktari. Lakini majuzi nilisoma habari za ugonjwa wa uchovu sugu, nikaona haya.

Uchovu huu si kama wetu baada ya kulima shamba la shule. Mgonjwa hulala, lakini usingizi haumpumzishi. Akijikaza kupita nguvu zake, hata kwa kazi ndogo, hali huzorota, mara nyingi siku moja au mbili baadaye. Vipimo vya kawaida vya damu haviuonyeshi ugonjwa wenyewe, ndiyo maana wengi huambiwa, "Huna kitu wewe, jikaze!"

Huko Uingereza lilifanywa jaribio kubwa liitwalo PACE. Wagonjwa 641 waligawanywa katika makundi 4. Wote walipata huduma ya daktari bingwa. Kundi moja halikuongezewa kitu. La pili lilifunzwa kupima shughuli kulingana na nguvu walizo nazo. La tatu lilipewa ushauri wa kubadili fikra na mienendo, na la nne mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua. Mwaka 2011 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo: eti ushauri na mazoezi husaidia, tena ni salama. Mwaka 2013 watafiti wakasema asilimia 22 katika kila kundi kati ya hayo mawili walikuwa wamepona.

Wagonjwa wakauliza, "Kupona gani huko?" Hebu tuwasikilize.

Kwanza, alama. Uwezo wa mwili ulipimwa kwa alama 0 hadi 100. Aliyepokelewa kama mgonjwa alikuwa na 65 au chini yake. Mpango wa awali ulitaka aliyepona afikishe 85, lakini baadaye ikateremshwa hadi 60! Basi mtu angeweza kuingia na 65, ashuke hadi 60, na kwa kipimo hicho ahesabiwe yuko sawa. Jamani, mtihani gani huo ambao alama ya kupita iko chini ya alama ya kuanguka?

Pili, matokeo makuu yalitegemea majibu ya wagonjwa katika fomu, nao walijua wanapewa tiba gani. Aliyeambiwa kila mara kuwa mazoezi yatamfaa huenda akajaza fomu kwa matumaini tu.

Tatu, nje ya jaribio, wagonjwa wengi walilalamika kuwa mazoezi ya aina hiyo yaliwazidishia ugonjwa.

Watafiti walijitetea kwamba vipimo vilibadilishwa kabla ya matokeo kuchambuliwa, na kwamba walikuwa na sababu. Mgonjwa mmoja wa Australia akaomba takwimu zenyewe. Chuo kikuu kilichozihifadhi kikakataa, lakini mwaka 2016 baraza la sheria likaamuru zitolewe. Zilipohesabiwa upya kwa mpango wa awali, waliopona walikuwa asilimia 7 kwa ushauri, 4 kwa mazoezi, na 3 kwa wasioongezewa kitu. Mwaka 2021 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, ikasema wagonjwa hawa wasipewe tena mpango wa mazoezi ya kuongezwa kwa kiwango kilichopangwa.

Tunajifunza nini? Mazoezi ni mazuri kwa wengi wetu, sipingi. Lakini dawa ya huyu huweza kuwa sumu ya yule. Pia, ukisikia "utafiti umeonyesha", uliza walipima nini, na je, kipimo kilibadilishwa katikati ya safari? Zaidi ya yote, muulize mgonjwa mwenyewe.

Yule mwenzetu alihama kabla sijamwomba radhi. Gazeti hili likimfikia, ajue jina lile nimelifuta. Nawe, msomaji, ukimwona mtu chini ya mti wakati wenzake wanakimbia, usimcheke. Keti naye, umuulize hali.