Kabla ya Kumkimbia Polisi, Jua Haki Yako

Tarehe 15 Novemba 2025, katika machimbo ya Kalando huko Mulondo, jimbo la Lualaba nchini Kongo (DRC), daraja la muda lilibomoka likiwa limejaa wachimbaji. Serikali ya jimbo ilitangaza vifo visivyopungua 32. SAEMAPE, idara inayosimamia wachimbaji wadogo, ilieleza kuwa milio ya risasi za askari ilizua hofu, watu wakakimbilia darajani na kuangukiana.

Hofu hiyo watu wa Tenke, katika jimbo hilohilo, wanaijua. Kibali cha kampuni ya Tenke Fungurume Mining (TFM) kimezunguka makazi yao kwa zaidi ya kilomita za mraba 1,500, na Juni 2019 jeshi lilipelekwa kuwafukuza wachimbaji humo. Anayechimba ndani ya kibali cha kampuni amevunja Sheria ya Madini, hivyo mbio zake zinaeleweka. Lakini mama anayeuza bukari kando ya shimo naye hukimbia. Hana kosa. Anaogopa kupoteza mtaji, kulala kasho bila kuandikwa popote, kisha nyumbani waombwe pesa za kumtoa. Ndiyo maana kukimbia peke yake si ushahidi wa hatia.

Hata hivyo, penye mashimo na mitaro, mbio huua. Ukisikia risasi, lala chini. Polisi akikuita, simama, mikono ionekane, umwulize kwa heshima: "Shefu, kosa langu ni nini?" Kifungu cha 18 cha Katiba ya 2006 kinamtaka akueleze sababu ya kukukamata mara moja, kwa lugha unayoielewa. Hapo hapo una haki ya kuwasiliana na familia yako au wakili. Polisi hawaruhusiwi kukushikilia zaidi ya saa 48. Zikiisha, wakuachilie au wakupeleke mbele ya mamlaka ya sheria.

Familia iandike saa uliyokamatwa, mahali, na jina la OPJ, yaani afisa wa polisi anayeshughulikia kesi. Saa 48 zikipita, iende parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, na karatasi hiyo. Malalamiko yenye saa na jina hayapuuzwi kirahisi. OPJ akipendekeza faini, lipa kwa risiti tu. Usitie sahihi kwenye maandishi ya mahojiano kabla hujasomewa ukayaelewa.

Mchimbaji, kadi yako hudumu mwaka mmoja na inakuruhusu kuchimba katika eneo lililotengwa kwa wachimbaji wadogo, si katika kibali cha kampuni. Tembea nayo pamoja na kadi ya mpiga kura.

Nanyi ma-OPJ, mwandikeni kila mnayemweka kasho, saa aliyoingia na kosa lake, na mruhusuni apige simu nyumbani. Bila hayo, hata asiye na kosa ataendelea kuwakimbia.