Kocha, Jumamosi Unakuwa Wapi?

*Mama, mimi ni kocha wa soka, nina miaka 34, naishi Tanga. Nina leseni C ya CAF na nafundisha timu ya mtaani ya vijana wa chini ya miaka 17. Uwezo ninao, tatizo langu ni koneksheni. Mwenzangu niliyesoma naye kozi sasa ni kocha msaidizi wa timu ya Championship, na sioni alichonizidi. Msimu huu tulianza vibaya, tukafungwa mechi nne mfululizo, nikaona bora muda wangu niutumie kutafuta watu. Kila Jumamosi naenda hoteli wanazofikia viongozi wa klabu zinazokuja kucheza Mkwakwani. Nimepiga nao picha, nimewaachia kadi. Mechi za Jumamosi anasimamia msaidizi wangu. Mpaka leo hakuna aliyenipigia. Nifanyeje ili nijulikane?*
*Kocha Asiye na Mtu, Tanga*

Mwanangu, barua yako ilikuwa na kurasa tatu, nimeifupisha. Ukurasa mzima ulikuwa majina ya wakubwa uliopiga nao picha, na wasomaji wangu hawana kazi nayo.

Ushauri uliokuwa ukiutarajia nautoa haraka niumalize. Jiunge na chama cha makocha cha mkoa wako, TFF ikitangaza kozi ya leseni B omba mapema, andika wasifu wako kwenye ukurasa mmoja bila mbwembwe. Kadi usichapishe tena, hela hiyo inunue mipira. Haya yote ulikuwa unayajua hata kabla hujashika kalamu.

Sasa nisomee tena sentensi uliyoipitisha kama mtu anayepitisha mzigo wa magendo: "Mechi za Jumamosi anasimamia msaidizi wangu." Hivi ni kocha gani ambaye siku ya mechi yuko hotelini? Vijana wako wanavaa jezi, wanaingia uwanjani, wanageuka kumtafuta mwalimu wao, mwalimu anakunywa soda ya watu mapokezini akisubiri mwenyekiti wa klabu ashuke ngazi. Unalalamika hujulikani. Utajulikanaje? Mwamuzi wa mechi zenu anamjua msaidizi wako. Kamisaa anamjua msaidizi wako. Wazazi wakitaka kuuliza habari za watoto wao wanamfuata yeye. Mtu wa klabu akipita pale uwanjani akampenda beki wako wa kushoto, mkono atakaoupa salamu ni wa msaidizi wako. Koneksheni unazozililia zipo, mwanangu, ila umempa mwenzio.

Lakini hilo bado silo jipu lenyewe. Angalia mpangilio wa barua yako. Mlifungwa mechi nne, kisha ukaanza safari za hotelini. Hukwenda kule kwa sababu ya wakubwa. Ulikwenda kwa sababu kule hakuna ubao wa matokeo. Kule ni wewe, shati lililopigwa pasi na leseni yako ya C, na hakuna anayekuuliza Jumamosi iliyopita mlipigwa ngapi. Ulikuwa unaona aibu kusimama pembeni ya timu inayofungwa, na aibu hiyo ukaibandika jina la kutafuta watu.

Hapo nakuonea huruma. Kufungwa mbele ya mtaa wako mwenyewe, watu wanaokujua tangu ukiwa mtoto wakipiga kelele "kocha toka", si jambo dogo. Ila hebu tuangalie nyumbani kwenu hapohapo Tanga.

Julai 2022 kocha Juma Mgunda alikuwa kwenye benchi la Coastal Union yenu pale Sheikh Amri Abeid, Arusha, fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga. Mechi ikaenda 3-3, Coastal wakatolewa kwa penalti. Nchi nzima ilimwona akipoteza kombe. Septemba mwaka huohuo Simba wakaachana na kocha wao Zoran Maki, na aliyeitwa kushika timu ni Mgunda. Januari 2024, kule AFCON Ivory Coast, kocha Adel Amrouche alipofungiwa na CAF, Taifa Stars ikakabidhiwa kwa Hemed Suleiman "Morocco", na wa kumsaidia akawa Mgunda huyohuyo. Simu za dharura namna hiyo hapigiwi mtu aliyeacha kadi mapokezini. Anapigiwa mtu ambaye wenye mpira wamemwona akiongoza timu, akishinda na akifungwa, wakajua akifungwa anakuwaje. Wewe umeificha ile sehemu ambayo ndiyo ingekutangaza.

Nina imani yangu moja kuhusu kazi, na wasomaji wa siku nyingi wanaijua: mtu hajulikani kutokea juu. Anajulikana kwa waliofanya naye kazi bega kwa bega na kwa walioshindana naye. Kwenye ukocha ndivyo ilivyo hasa. Kocha mkuu akipata timu, huja na watu wake wa benchi. Watu hao hawatoi kwenye mafaili ya mwenyekiti. Anawatoa kichwani: huyu nilisoma naye kozi, yule timu yake ya vijana ilinisumbua sana, huyu tulishirikiana kwenye michezo ya sekondari, UMISSETA. Mwenyekiti uliyepiga naye picha, hata akikupenda, leseni C haiwezi kukukalisha kwenye kiti cha kocha mkuu wa Ligi Kuu. Na uongozi wa klabu zetu wenyewe unaujua, leo yupo, kesho kuna uchaguzi.

Huyo mwenzako wa Championship unayedai hajakuzidi, umewahi kwenda kuitazama timu yake ikicheza? Kwenye kurasa zako tatu hakuna jina lake, hakuna hata salamu aliyowahi kukutumia. Mpigie simu wiki hii. Usimwombe kazi. Muulize anafanyaje mazoezi ya mipira ya kona, mwambie na wewe unavyofanya. Mwalimu wa michezo wa shule wanayosoma vijana wako, je, mnafahamiana? Makocha wanne waliokufunga, unazo namba zao? Hao ndio watu, kocha. Unajiita asiye na mtu na umezungukwa nao.

Jumamosi hii kuwa uwanjani saa moja kabla ya mechi. Panga koni mwenyewe, gawa bipsi mwenyewe. Filimbi ya mwisho ikilia, mmeshinda au mmefungwa, mpe mkono mwamuzi, kisha mfuate kocha mwenzako wakati anakusanya mipira yake, umuulize ameona nini kwenye timu yako. Msikilize bila kujitetea.

Kabla ya hayo yote, mwombe radhi msaidizi wako. Amebeba vipigo vyako muda wote huo kwa jina lako. Siku klabu ikitaka kujua wewe ni kocha wa namna gani, yeye ndiye atakayeulizwa kwanza.