Kazi Moja, Jina Moja



Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Siku hizi daftari la vikundi vingi ni programu ya simu: mmoja huandika kazi, na wenziwe huisoma. Lakini daftari lenye majina ovyo halimfai mtu.

Na tuvuke bahari tutazame Dar es Salaam. Mwaka 2015 ulianza huko mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu, pamoja na wenyeji wa mitaa, walichora ramani za kata zinazopatwa na mafuriko, kama Tandale katika Kinondoni. Waliziweka katika OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote aweza kuitia habari. Humo kila aina ya kitu ina jina lake lililokubaliwa: mtaro uliojengwa una lake, na mfereji wa udongo una lake. Sababu ni wazi. Watu kumi wakiuita mtaro majina kumi, atakayeitafuta mitaro yote ataipata michache, na hesabu ya njia za maji itapotoka. Mvua ikinyesha, maji hayasomi majina. Huingia nyumbani mwa watu.

Kwetu ni vivyo hivyo. Tuseme mmoja ameandika "kuanika," wa pili "majamvi," wa tatu "juani." Msimamizi akidhani kazi ni moja iliyorudiwa, atafuta mbili. Kumbe moja ilikuwa ya shamba jingine! Huko karafuu mbichi zitabaki zimerundikwa, zivunde, na jasho la wachumaji lipotee.

Basi yatupasa kushika kanuni hizi:

1. Anza kwa kitendo: Palilia, Chuma, Chambua, Anika.

2. Fuatisha kitu na mahali: "Anika karafuu, uwanja wa Wete." "Kule bondeni" hapajulikani na mgeni.

3. Tarehe na jina la mtendaji vina nafasi zao; visitiwe katika jina la kazi.

4. Majina yakubaliwe mkutanoni, na jipya lisiongezwe ila kwa shauri.

Zoezi: Andika upya majina haya kwa kufuata kanuni: "Makonyo", "Mambo ya Jumamosi", "Ile kazi ya juzi." Jina ambalo huwezi kulitengeneza bila kumwuliza aliyeliandika, jua kwamba hilo ndilo litakalotupotezea kazi siku mwenyewe akiwa hayupo.